Tarehe 17 Januari: Je, Kuna Siku Iliyolaaniwa?

Masomo: Esta 9:20-22, Zekaria 8:18-19, Warumi 14:5-6



Nawasalimu wote kwa jina la Mwokozi wetu: baba na mama, vijana na watoto, ninyi mlioishi hapa makazini miaka mingi, na ninyi mliofika juzi ambao bado mnalala mapokezi.

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wanalisema kwa sauti ya chini. Ni jambo la tarehe.

Mwaka uliopita, tarehe 17 Januari, mama mmoja wa kanisa letu alijifungua mtoto wa kiume. Mama na mtoto walikuwa wazima. Lakini nyumbani hakukuwa na vigelegele. Bibi wa mtoto, ambaye alipoteza nyumba yake Goma siku ya volkano, alisema tu, "Kwa nini hakungoja kesho?" Majirani wakaanza kumwita "mtoto wa volkano". Kisha mhubiri mmoja aliyekuwa akipita aliwaambia wazazi kwamba mtoto huyo amezaliwa chini ya laana ya tarehe, na kwamba laana hiyo haivunjwi bila sadaka ya mbuzi. Wazazi hawana mbuzi. Waliuza mgao wao wa chakula wa mwezi mzima, wakapata nusu ya bei. Mwezi ule walikula kwa majirani. Na mtoto, ambaye sasa yuko karibu kutimiza mwaka mmoja, hajaletwa mbele ya kanisa abarikiwe, kwa sababu wameambiwa kwamba ile nusu ya pili bado haijalipwa.

Ndugu mwingine, tarehe hiyo hiyo, alikuwa ameitwa kwenye mahojiano ya karatasi zake. Hakwenda. Alisema hawezi kupeleka maisha ya watoto wake mezani siku ambayo Lumumba aliuawa na mlima ulipasuka. Zamu yake ikapita, akangoja miezi saba kuitwa tena.

Sitaki mtu awacheke hawa. Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Na mimi mwenyewe, mchungaji wenu, nina la kuungama. Kwa miaka mingi tarehe 17 Januari sikusafiri, sikununua kitu, sikuanza kazi yoyote. Watu wakiniuliza, nilisema nimefunga. Ni kweli nilikuwa sili, lakini haikuwa saumu mbele za Mungu. Ilikuwa hofu iliyovaa nguo za saumu.

Basi tuitazame siku hii kwa macho wazi, halafu tulisikilize Neno.

1. SIKU TUNAYOIOGOPA

Sisi tuliotoka Kongo tunajua kwa nini tarehe hii ni nzito.

Tarehe 17 Januari 1961, Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa nchi yetu, alipelekwa kwa ndege hadi Élisabethville, mji ambao leo tunauita Lubumbashi. Alikuwa pamoja na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito. Walipigwa njiani, wakapigwa tena walipofika, na usiku ule ule wakapigwa risasi porini. Uhuru ulikuwa haujatimiza hata miezi saba. Wananchi hawakuambiwa chochote mpaka katikati ya mwezi Februari, na hata hapo waliambiwa uongo. Hakuna kaburi lililochimbwa likabaki, kwa maana miili iliharibiwa kwa tindikali ili pasiwe na mahali pa kulilia.

Miaka 41 baadaye, tarehe 17 Januari 2002, siku ya Alhamisi, mlima Nyiragongo ulipasuka ubavuni. Asubuhi tuliona moshi. Kabla ya usiku moto ulikuwa umeingia mjini. Lava ilipita katikati ya Goma hadi ikafika ziwani Kivu. Ilifunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaunguza kanisa kuu la Wakatoliki, maduka, shule, na nyumba za maelfu ya watu. Watu wapatao mia moja walikufa, na zaidi ya laki moja wakabaki bila nyumba. Wengi walikimbilia Gisenyi, wengine wakaenda upande wa Sake, na jamaa wakatenganishwa na mto wa moto.

Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini hivi. Tulivuka mpaka tukiwa na godoro moja na sufuria. Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Cherehani ilibaki nyumbani. Biblia ya familia nayo ilibaki, ile ambayo baba alikuwa ameandika ndani ya jalada lake tarehe tulizozaliwa sisi watoto wote. Tuliporudi baada ya siku chache, ardhi ilikuwa bado na joto chini ya viatu, na hatukuweza hata kujua mlango wa nyumba ulikuwa upande gani.

Wengine huongeza na siku ya jirani yake, tarehe 16 Januari 2001, ambapo Rais Laurent-Désiré Kabila alipigwa risasi Kinshasa. Na baada ya mwezi Januari 2025, vita vilipoingia tena Goma, wengi wamekuja hapa wakisema, "Mchungaji, Januari imetuandama."

Nawaelewa. Lakini kuumia siku moja ni jambo moja, na kusema kwamba siku ndiyo iliyotuumiza ni jambo lingine.

2. SIKU HIYO HIYO KWA WATU WENGINE

Tufungue kidogo madirisha tuone nje ya nchi yetu.

Tarehe 17 Januari 1994, kabla ya mapambazuko, tetemeko la ardhi lilipiga eneo la Los Angeles, Marekani. Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 17 Januari 1995, nayo ilikuwa alfajiri, tetemeko lingine lilivunja mji wa Kobe nchini Japani, na watu zaidi ya 6,400 wakafa. Tarehe 17 Januari 1991, usiku, ndege za vita zilianza kuupiga mji wa Baghdad.

Najua mtu atasema, "Unaona, mchungaji! Umetuthibitishia mwenyewe!" Subiri, ndugu yangu.

Tarehe 17 Januari 1942, katika mji wa Louisville, Marekani, mama mmoja mweusi alijifungua mtoto wa kiume. Wakati ule watu weusi wa huko hawakuruhusiwa kula katika hoteli za wazungu. Mtoto yule akakua, akawa Muhammad Ali. Wazee wetu wanamkumbuka, maana mwaka 1974 alikuja Kinshasa kupigana na George Foreman, na uwanja mzima ukapiga kelele kwa ajili yake. Wale waliomshangilia Kinshasa walikuwa watu wa Lumumba. Je, walikuwa wakimshangilia mtoto wa siku ya mkosi?

Mwaka una siku 365, au 366 mwaka mrefu. Dunia ina watu wengi na miaka mingi. Chukua tarehe yoyote unayoipenda, hata siku uliyofunga ndoa. Ukitafuta utakuta mfalme aliuawa, merikebu ilizama, na mji uliungua. Utakuta pia mtoto alizaliwa, mfungwa alifunguliwa, na mvua ilinyesha baada ya kiangazi. Hakuna siku iliyo tupu. Mwenye hofu hukusanya vifo tu, akavitia katika kikapu kimoja, halafu anaogopa kikapu alichokijaza mwenyewe.

Tena uulizeni mlima wenyewe. Nyiragongo ulimwaga moto tarehe 10 Januari 1977. Ukamwaga tena tarehe 17 Januari 2002. Kisha ukamwaga tarehe 22 Mei 2021, jioni ya Jumamosi, wakati hakuna mtu aliyekuwa akiwaza Januari. Mlima haujui kalenda. Yule aliyekuwa akikesha kila tarehe 17 Januari kwa hofu ya moto, mwezi Mei alilala usingizi kama wengine.

Hapo ndipo ubaya wa woga huu unapoonekana. Unatufanya tulinde mlango mmoja, huku nyumba ina milango 365.

3. KALENDA NI KAZI YA MIKONO YA WATU

Siku aliumba Mungu. Namba za siku tuliziweka sisi.

Yuko mtu mwingine mashuhuri ambaye watu humkumbuka tarehe 17 Januari. Ni Benjamin Franklin wa Marekani, aliyevumbua fimbo ya chuma inayokinga nyumba na radi. Alizaliwa Boston mwaka 1706. Lakini siku aliyozaliwa, kalenda ya pale ilisema ni tarehe 6 Januari! Waingereza walikuwa bado wanatumia kalenda ya zamani. Mwaka 1752 waliibadilisha: watu walilala tarehe 2 Septemba, wakaamka tarehe 14. Siku kumi na moja zilirukwa kwa amri ya serikali. Hivyo tarehe ya kuzaliwa ya mtu ikahama, naye hakufanya lolote. Kama kungekuwa na laana ndani ya namba 17, je, ilimwingia Franklin akiwa mtu mzima wa miaka 46, kwa sababu bunge la London lilipiga kura?

Ndugu zetu Waorthodoksi wa Ethiopia husherehekea Krismasi tarehe 7 Januari, na mwaka wao mpya huanza mwezi Septemba. Waislamu huhesabu miezi kwa mwandamo, na Ramadhani yao huzunguka mwaka wote. Wakati sisi tunasema "17 Januari", jirani anasema namba nyingine kwa jua lile lile.

Na hapa makazini tunao mfano mkubwa kuliko wote. Angalieni kadi za familia zenu. Wangapi kati yetu wameandikwa kwamba walizaliwa tarehe 1 Januari? Tulipofika, karani aliuliza tarehe ya kuzaliwa. Mzee akajibu, "Nilizaliwa wakati wa mavuno ya maharage." Mama akajibu, "Mimi ni mwaka ule wa njaa." Karani hakuwa na nafasi ya kuandika maharage. Akaandika 1 Januari. Dada yangu mdogo, ambaye tarehe yake iliungua pamoja na Biblia ya baba, yeye pia ni wa 1 Januari. Ukisoma orodha yetu utadhani siku moja ya mwaka wanawake wote wa Kivu walijifungua!

Tunacheka, lakini tujifunze. Kama tarehe ndiyo inayoamua maisha ya mtu, basi wote hao wangekuwa na bahati moja. Lakini mmoja ameoa, mwingine ni mjane, mmoja amepata safari ya Kanada, mwingine bado anangoja. Mungu hakuwahi kumtafuta yeyote kati yao kwa ile tarehe ya kadi. Zaburi 139 inatufundisha kwamba alituona kabla hatujaumbika, na kwamba siku zetu zote ziliandikwa katika kitabu chake. Kitabu hicho hakikuungua Goma.

4. NENO LA MUNGU LINASEMAJE?

Biblia haipuuzi tarehe. Katika Kutoka 12:41 tunasoma kwamba Israeli walitoka Misri ilipotimia miaka 430, siku ile ile. Mungu aliwaagiza wakumbuke siku hiyo kizazi hata kizazi. Kukumbuka siku ni jambo takatifu. Kuiogopa siku ni jambo jingine.

Wayahudi nao wana siku yao nzito. Ni tarehe 9 ya mwezi wao wa tano, mwezi wa Abu. Hekalu la Sulemani liliteketezwa na Wababeli mwezi huo, mwaka 586 kabla ya Kristo. Ukisoma 2 Wafalme 25:8 utaona siku ya saba, na Yeremia 52:12 inataja siku ya kumi. Mapokeo ya Wayahudi yakashika siku ya tisa. Kisha hekalu la pili likachomwa na Warumi mwaka 70 baada ya Kristo, mwezi ule ule, na wao husema ni tarehe ile ile. Mpaka leo siku hiyo wanafunga, wanaketi chini, wanasoma Maombolezo. Huo ni msiba mara mbili juu ya tarehe moja, kama wetu.

Sasa sikieni. Watu waliporudi kutoka uhamishoni, walituma wajumbe kumwuliza Bwana: je, tuendelee kulia na kufunga katika mwezi wa tano, kama tulivyofanya miaka hii yote? Habari hii iko Zekaria 7. Hawa walikuwa watu kama sisi, walijua maisha ya ugenini. Bwana kwanza aliwauliza swali gumu: mlipofunga miaka sabini, je, mlifunga kwa ajili yangu? Nilipolisoma swali hilo nikiwa chuo cha Biblia, nilifunga kitabu, nikatoka nje. Lilikuwa limeandikwa kwa ajili yangu na saumu yangu ya Januari.

Kisha katika Zekaria 8:19 anawaahidi kwamba saumu zile za huzuni, hata hiyo ya mwezi wa tano, zitageuka kuwa sikukuu za furaha. Mungu hakusema ataifuta tarehe ile katika kalenda. Alisema ataigeuza.

Mtu wa pili ni Hamani. Huyu ndiye mtaalamu wa tarehe katika Biblia. Alipotaka kuwaangamiza Wayahudi, alipiga kura, iitwayo Puri, siku kwa siku na mwezi kwa mwezi, apate siku iliyo mbaya kwao. Kura ikaangukia mwezi wa kumi na mbili, mwezi wa Adari, na siku ikawekwa kuwa ya kumi na tatu. Barua za mauti ziliandikwa tarehe 13 ya mwezi wa kwanza, Esta 3:12. Mnaijua tarehe inayofuata? Ni 14, siku ya Pasaka! Wayahudi walikuwa wakijitayarisha kukumbuka wokovu, na siku hiyo ndiyo amri ya kifo iliyoandikwa. Lakini ilipofika tarehe 13 Adari, mambo yakageuka. Esta 9:22 inasema mwezi ule uligeuzwa kwao kutoka huzuni kuwa furaha. Na wakaamriwa siku hizo wapelekeane vyakula na kuwapa maskini zawadi.

Angalieni tofauti, wapendwa. Hamani alitafuta siku mbaya, akataka kutoa fedha nyingi ili watu wafe. Mordekai alikumbuka siku, akawaambia watu wapeleke chakula kwa maskini. Anayekuambia siku yako imelaaniwa, kisha anachukua mahindi ya watoto wako, amesimama upande upi? Kumbukumbu la Torati 18:10-12 inakataza wazi kazi ya kupiga ramli na kutazama nyakati mbaya. Mtu akiifanya kazi hiyo huku ameshika Biblia, bado ni ramli.

Mtu wa tatu ni Ayubu. Katika sura ya 3 aliilaani siku aliyozaliwa, akataka iondolewe kabisa katika hesabu ya miezi. Mungu hakumwua kwa maneno hayo. Alimwachia alie. Kwa hiyo mama yetu, yule bibi wa mtoto, hajatenda kosa lisilosameheka kwa kulia. Aliona moto. Lakini siku ile haikuondolewa katika kalenda, na Ayubu alipobarikiwa mwishoni, ilikuwa bado ni siku yake.

Na Bwana wetu Yesu mwenyewe? Katika Luka 13:1-5 walimletea habari za watu waliouawa na Pilato, naye akaongeza habari za watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Msiba mmoja ulifanywa na mkono wa mtu, wa pili ulikuwa wa jengo kuanguka. Ni kama wetu: kifo cha Lumumba na volkano. Yesu aliwakataza kudhani kwamba waliokufa walikuwa wabaya kuliko wengine. Hakutaja mkosi wala nyota. Alisema kila mtu atubu.

Halafu fikirini siku aliyokufa yeye. Jua lilitiwa giza, nchi ikatetemeka, mtu asiye na hatia akauawa na wakubwa wa dini na wa serikali kwa mapatano. Kama ipo siku iliyostahili kuitwa ya mkosi, ni ile. Sisi Wakristo tunaiitaje? Tunaiita Ijumaa Kuu. Mungu aliingia katika siku mbaya kuliko zote, akafanya ndani yake wokovu wetu. Baada ya Ijumaa ile, hakuna siku iliyobaki ambayo shetani anaweza kusema ni mali yake.

5. BASI TUFANYE NINI?

Kwanza, tukumbuke kwa ukweli. Lumumba hakuuawa na tarehe. Aliuawa na watu. Walikuwapo wakubwa wa Katanga, walikuwapo maofisa wa Ubelgiji, walikuwapo wale wa Kinshasa waliomtoa gerezani wakamkabidhi. Mwaka 2001 tume ya bunge la Ubelgiji ilikiri kwamba nchi yao ina lawama ya kimaadili, na mwaka 2002 serikali yao ikaomba radhi. Tarehe 20 Juni 2022 jino moja, ndilo pekee lililobaki la mwili wake, lilirudishwa kwa familia yake huko Brussels, na tarehe 30 Juni likazikwa Kinshasa. Miaka 61 imepita ndipo watoto wakapata cha kuzika. Ukisema tarehe ndiyo iliyoua, umewaachilia waliotenda. Ukweli una njia ndefu, lakini unafika. Na mkumbuke kwamba 20 Juni ni Siku ya Wakimbizi Duniani: siku ile tulipokuwa tukiimba hapa uwanjani, familia ile ilikuwa ikipokea baba yao.

Pili, tusiwafundishe watoto woga tulioukimbia nao. Moto ulichukua nyumba zetu. Tusiupe na kalenda yetu.

Tatu, tujifunze kwa mawe. Wale wa Goma mnajua watu walivyofanya baada ya lava kupoa. Tulichukua nyundo. Mawe yale yale yaliyoifunika nyumba yetu, baba aliyavunja, akayapanga, akayafanya msingi, akajenga tena mahali pale pale. Alipata cherehani nyingine baada ya miaka miwili. Sehemu kubwa ya kuta za Goma ni mawe ya volkano. Hivyo ndivyo Mungu anavyofanya na siku mbaya. Haitupi. Anaijengea.

Nne, yeyote aliyeitwa ofisini, hospitalini au shuleni tarehe 17 Januari, aende. Warumi 14:5-6 inampa kila mtu uhuru juu ya siku, mradi anayeiadhimisha aiadhimishe kwa Bwana. Ukitaka kufunga siku hiyo kwa kuwalilia ndugu zako, funga, nami nitafunga pamoja nawe. Lakini usifunge mlango ambao Mungu ameufungua.

TANGAZO NA MWISHO

Nimeketi na wazazi wa yule mtoto, pamoja na bibi yake. Tumelia, tumeomba. Mashemasi wamekubaliana kwamba kanisa litawarudishia kiasi cha chakula walichouza, na hiyo nusu ya pili hawatamlipa mtu yeyote. Nawaomba majirani: kuanzia leo msimwite tena mtoto wa volkano. Ana jina lake.

Tarehe 17 Januari, saa kumi jioni, tutakuwa na ibada. Tutawataja kwa majina waliokufa siku ile, kila familia wake. Tutanyamaza kidogo. Kisha mtoto ataletwa mbele, tutamwekea mikono na kumbariki. Kila mmoja aje na kikombe cha unga au maharage, tuwapelekee waliofika karibuni, kama Mordekai alivyoagiza. Bibi yake ameniahidi kwamba ndiye atakayembeba.

Na katika daftari la kanisa nitaandika siku aliyozaliwa, kwa wino, bila kuificha: tarehe 17 Januari. Baba yangu angelifanya hivyo hivyo.

Tuombe: Ee Bwana, nyakati zetu zimo mikononi mwako. Tuponye vidonda vya siku zetu. Utusamehe tulipoiogopa siku kuliko kukuogopa wewe. Wafariji wanaolia, uwarudishie waliopoteza, na utufikishe siku ile ambayo haina usiku. Katika jina la Yesu, Amina.

Maswali ya vikundi vya nyumbani:
1. Ni siku gani ya mwaka iliyo nzito katika familia yako? Je, unaikumbuka au unaiogopa?
2. Soma Zekaria 7:1-6. Saumu zetu tunazifunga kwa ajili ya nani?
3. Soma Esta 9:20-22. Ni jirani gani tunayeweza kumpelekea chakula siku yetu ya huzuni?

Ni mimi mtumishi wenu na mkimbizi mwenzenu,
Mchungaji